Mlango wa Mwenyeji na Mlango wa Mgeni



Nyumba nyingi za Mombasa, Lamu na Malindi siku hizi zina mtoto au mjukuu Marekani. Wako waliokwenda kusoma wakabaki, wako walioolewa huko, na wako ndugu zetu wa Kibarawa na Kibajuni waliokimbia vita vya Somalia, wakakaa kambini hapa Mombasa katika miaka ya 1990, kisha baadhi yao wakahamishiwa Marekani pamoja na watoto wao. Watoto wale sasa ni wazazi, na watoto wao wamefikia umri wa kuingia chuo kikuu. Kwa sababu hiyo tunaletewa suali ambalo walimu wetu wa madrasa hawakupata kuletewa: kijana anaishi katika jimbo moja la Marekani, naye anaomba nafasi katika chuo kikuu mashuhuri cha jimbo jingine, je, ana matumaini gani ya kukubaliwa?

Aliyetuletea suali hili mara ya mwisho ni mama mmoja wa mtaani kwetu, kwa niaba ya dada yake anayeishi Columbus, katika jimbo la Ohio. Binti wa dada yule ana miaka 17, ni wa kwanza katika darasa lake, amehifadhi juzuu tano, na alikuwa ameandika vyuo vinne katika karatasi: Michigan, North Carolina pale Chapel Hill, Texas pale Austin, na UCLA ya California. Vyote ni vyuo vya serikali za majimbo, vyote vinasifika duniani, na hakuna hata kimoja kilichoko Ohio.

Suali halikuwa la udadisi. Marehemu babu wa binti ameacha nyumba ya ghorofa moja katika Mji wa Kale, na urithi haujagawanywa. Mjane wake, nyanya wa binti, ana thumuni yake na ndiye anayeishi juu. Watoto wana mafungu yao. Mnunuzi alikuwa amejitokeza na alitaka jibu kabla ya mwaka kwisha. Dada wa Columbus alitaka nyumba iuzwe, achukue fungu lake, na ndugu zake wamkopeshe mafungu yao, ili binti asome huko anakotaka. "Sheikh, tuambie tu," akasema yule mama, "mtoto ataingia au hataingia? Akiwa ataingia, tuuze." Nyanya mtu alikuwa amekaa kando na tasbihi yake, hakusema neno.

Ilmu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini kukadiria si kupiga ramli. Nahodha hukadiria pepo, mfanyabiashara hukadiria soko, na mzazi naye anaweza kukadiria matumaini ya mtoto wake, akijua kwanza amesimama mbele ya mlango gani. Na hapo ndipo jamaa zetu wengi wanapopotea, kwa kuwa wanaitazama Marekani kwa macho ya Kenya.

Kwetu hapa mambo ni mepesi kueleweka. Mtoto akipata alama ya C+ au zaidi katika KCSE, huchagua masomo na vyuo, na KUCCPS humpanga kwa pointi zake. Mtoto wa Kisumu akiomba Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi hupimwa kwa mizani ile ile anayopimwa mtoto wa Kilifi. Pointi zikitosha, amepita, zisipotosha, amekosa. Hakuna anayemuuliza baba yake hulipa ushuru katika kaunti ipi. Basi tumezoea kudhani kwamba mtoto wa kwanza darasani ana haki ya chuo chochote anachokitaja.

Vyuo vikuu vya majimbo ya Marekani vina asili nyingine. Mwaka 1862 serikali yao ilipitisha sheria ya Morrill, ambayo iliyapa majimbo ardhi ili yaiuze na kuanzisha vyuo kwa faida ya watu wao. Chuo cha jimbo la Ohio chenyewe kilianzishwa kwa njia hiyo mwaka 1870. Vyuo vingine, kama North Carolina na Virginia, vilikuwako kabla ya hapo, lakini fikra imekuwa moja: watu wa jimbo ndio wanaotoa kodi, basi watoto wao ndio wa kwanza kukaribishwa. Sisi hatuoni dhulma katika hilo. Aliyechimba kisima ana haki ya kunywesha mifugo yake kwanza. Ila mgeni anayefika na ndoo yake ni lazima ajue kwamba kisima kina wenyewe.

Katika North Carolina jambo hili limeandikwa wazi. Tangu mwaka 1986 kanuni ya mfumo wa vyuo vya jimbo hilo imewawekea wanafunzi wapya wa kutoka nje kikomo cha asilimia 18, na Chapel Hill ndicho chuo ambacho kikomo hicho kinauma zaidi, maana wageni wanaoomba pale ni wengi kuliko wenyeji. Texas nayo ina sheria ya mwaka 1997 inayowapa nafasi moja kwa moja wanafunzi wa Texas walio katika fungu la juu la skuli zao. Pale Austin fungu hilo lilikuwa sehemu ya kumi, likapunguzwa hatua kwa hatua kwa sababu ya wingi wa watu, na kwa wanaoingia mwaka 2026 limeshuka hadi asilimia 5. Isitoshe, nafasi 90 katika kila 100 za wanafunzi wapya wa Austin ni za wakaazi wa Texas. Zile 10 zinazobaki hugombewa na majimbo mengine 49 pamoja na ulimwengu mzima. California iliweka kikomo chake mwaka 2017, na mwaka 2021 jimbo likaamua kutoa fedha ili vyuo vyake vinavyotakwa zaidi, UCLA kikiwa mojawapo, vipunguze wageni pole pole hadi kufikia asilimia 18. UCLA hupokea maombi zaidi ya 140,000 kwa mwaka na huwakubali chini ya kumi katika kila mia.

Sasa mzazi husoma mahali kwamba chuo fulani huwakubali watu kadhaa katika mia, akaichukua hesabu hiyo na kumvisha mtoto wake. Hesabu ya jumla haimsemi mtu yeyote. Tupige mfano wa kubuni. Chuo kina nafasi 100. 82 ni za wenyeji na 18 za wageni. Wenyeji walioomba ni 200, wageni ni 600. Kwa jumla, waombaji 800 wanagombea nafasi 100, na mtu atasema kila mmoja katika wanane anaingia. Lakini kwa mwenyeji, nafasi 82 kwa watu 200 ni zaidi ya wawili katika watano. Kwa mgeni, nafasi 18 kwa watu 600 ni watatu katika mia. Ile "mmoja katika wanane" haikumhusu mwenyeji wala mgeni. Vyuo vingi hutangaza kila mwaka takwimu za walioomba na waliokubaliwa, na vingi sasa huzitenga za wenyeji na za wageni. Atafutaye azitafute hizo, asitosheke na ile namba moja inayopambwa katika vitabu vya matangazo.

Tulipomweleza mama yule, alinyamaza kidogo kisha akauliza: "Kwa hivyo milango yote ni hiyo hiyo?" La, haifanani. Michigan ni habari nyingine. Karibu nusu ya wanafunzi wake wa shahada ya kwanza hutoka nje ya jimbo, na sababu yake haifichiki. Fedha za serikali za majimbo kwa vyuo zilipunguka, hasa baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008, na vyuo vikatafuta pa kuziba pengo. Mgeni wa Michigan hulipa karo zaidi ya mara tatu ya mwenyeji. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sijui kama walikuwa wakiifikiria karo, lakini maneno yamekaa mahali pake. Virginia iko katikati: takriban thuluthi mbili ya wanafunzi ni wa jimbo, na thuluthi moja wa nje. Alabama imeufungua mlango wazi kabisa; zaidi ya nusu ya wanafunzi wake ni wageni, na mwenye alama za juu hupewa punguzo kubwa la karo kwa kanuni iliyoandikwa, bila ya kubahatisha. Jina la Alabama halitajwi kwa fahari katika harusi zetu kama linavyotajwa la Michigan, lakini wazazi wenye akili huliuliza.

Kuna jambo jingine dogo ambalo hubadilisha hesabu. Vikomo hivi ni vya wanaoandikishwa, si vya wanaopelekewa barua. Wageni wengi wanaokubaliwa hawaji, kwa kuwa wakiona bei hurudi katika vyuo vya kwao. Chuo kinalijua hilo na hupeleka barua nyingi kuliko nafasi zilizopo. Basi mlango wa mgeni katika baadhi ya vyuo ni mpana kidogo kuliko unavyoonekana kwa nje. Lakini tutazame kilichoupanua: ni bei. Mtu anaweza kufurahia barua ya kukubaliwa, na huku kukubaliwa kwenyewe kumetokana na kwamba wenziwe wameshindwa kulipa.

Ama sifa za binti mwenyewe, mama yake mdogo alizihesabu kwa mapenzi, na sisi hatukuzikanusha. Tulimwambia tu kwamba katika foleni ya vyuo hivi karibu kila mtu ni wa kwanza kwao. Kuwa wa kwanza darasani kunamfikisha mtu katika foleni, hakumpitishi mlangoni. Wanaopima huuliza zaidi: skuli yake ilikuwa na masomo gani magumu, naye alichukua yapi katika hayo? Walimu wake wameandika nini? Insha yake inamwonyesha mtu, au inaonyesha sifa tupu? Nyumbani ana majukumu gani? Binti huyu hulea wadogo zake watatu mama yake akiwa kazini katika nyumba ya wazee, na siku za Jumamosi husomesha watoto Kurani msikitini. Hakuwa ameandika lolote katika hayo, akidhani ni mambo ya nyumbani yasiyo na uzito. Tulimtumia ujumbe kupitia kwa mama yake mdogo kwamba ayaandike, kwa ukweli na bila ya chumvi. Kila chuo pia kina mizani yake: vyuo vya California havitazami kabisa mtihani wa SAT, na Austin imerudi kuutaka. Asiyejua hilo hutumia miezi kwa mtihani ambao mlango mmoja hauuhitaji.

Baba yake alikuwa na hesabu yake mwenyewe. Alisema: kama kila chuo kinampa binti matumaini kumi katika mia, basi akiomba vyuo vinane atakuwa na themanini katika mia. Tunasikia hesabu hii mara nyingi. Kwanza, hata kwa hesabu ya kawaida haijumlishwi hivyo. Pili, faili linalokwenda kote ni lile lile. Kama lina upungufu uliomkwaza msomaji mmoja, upungufu huo utasafiri nalo mpaka kwa wa nane. Nabii Yaaqub, alayhi salaam, aliwausia wanawe wasiingie kwa mlango mmoja bali waingie kwa milango mbalimbali, na akawaambia wakati ule ule kwamba wasia wake hauwaondolei alichokadiria Mwenyezi Mungu. Tunaielewa kuwa ni milango mbalimbali kweli. Vyuo vinne vya nje ya jimbo, vyote vya daraja moja, ni mlango mmoja uliopigwa rangi nne. Katika karatasi ya binti hakukuwa na mlango hata mmoja ambao yeye ni mwenyeji wake, ilhali anaishi Ohio, na baba yake hulipa kodi Ohio, na chuo cha jimbo lake kiko katika mji ule ule wa Columbus. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hapo ndipo lilipotoka wazo ambalo, tunasikitika, si mara ya kwanza kulisikia. Binti ana mjomba anayeishi Michigan. Kwa nini asiandike anwani ya mjomba, akahesabiwa mwenyeji?

Wanafunzi wetu wa fiqhi wataona kwamba suala hili si geni kama linavyoonekana. Katika madhehebu yetu ya Shafii msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, huwa mukimu, na ruhusa ya kupunguza Sala humwondokea. Kinachozingatiwa ni kukaa pamoja na nia. Sheria za majimbo ya Marekani kuhusu ukaazi zimejengwa juu ya nguzo mbili hizo hizo, ila muda wao ni mrefu. Majimbo mengi hutaka mwaka mzima; California hutaka zaidi ya mwaka, siku 366, pamoja na dalili za nia: leseni ya kuendesha gari, kodi ya mapato, kadi ya kupiga kura. Kuhamia mahali kwa ajili ya masomo tu hakumfanyi mtu mkaazi. Mahakama Kuu yao mwaka 1971 iliidhinisha sharti la mwaka mmoja lililowekwa na Minnesota, na mwaka 1973 ikaamua, katika kesi iliyotoka Connecticut, kwamba mwanafunzi hawezi kuzuiwa daima asithibitishe kuwa amekuwa mkaazi wa kweli. Kwa mtoto ambaye bado yuko chini ya wazazi, ukaazi unaotazamwa ni wa wazazi. Anwani ya mjomba haisaidii kitu, kwa sababu watauliza karatasi za kodi za baba. Na hata kama ingesaidia, kuandika hivyo ni kushuhudia uongo, na kuchukua nafasi na fedha zilizotengewa wengine. Mtoto aliyehifadhi juzuu tano asianze chuo kwa karatasi ya uongo iliyotiwa saini na mzazi wake. Tulilisema hili kwa ukali kidogo, na mama yule alikubali, akasema wazo halikuwa lake.

Kisha tukafika penye fedha, na tungetamani kina mama wanaosoma hapa wapasome pole pole. Karo peke yake ya mgeni katika Michigan sasa ni zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 7, kabla ya chakula na malazi. Kwa miaka minne inapindukia milioni 30. Karo ya mwenyeji wa Ohio katika chuo cha jimbo lake ni karibu dola 13,000 kwa mwaka. Michigan ina ahadi nzuri ya kutowatoza karo watoto wa jamaa wenye kipato kidogo, lakini ahadi hiyo ni ya wakaazi wa Michigan. California hali kadhalika: misaada ya jimbo ni ya watu wa jimbo, na mgeni huongezewa juu ya karo ya kawaida zaidi ya dola 30,000 kila mwaka. Fungu la dada yetu katika ile nyumba ya Mji wa Kale, hata likiongezwa mafungu ya ndugu zake yote, lisingemaliza miaka minne. Lingemfikisha mtoto katikati ya bahari.

Na katikati ya bahari ndipo riba inapongoja. Mikopo ya wanafunzi Marekani, ya serikali na ya mabenki, ina riba. Tunajua kwamba wako wanavyuoni wanaoishi huko ambao wamelijadili suala hili chini ya mlango wa dharura, na hatuwadharau. Lakini dharura hupimwa kwa kadiri yake. Mtu aliye jangwani bila ya chakula ana hukumu yake. Mtu aliyeacha sahani nyumbani kwake kwa kutaka sahani ya jirani hana hukumu hiyo. Maadamu mlango wa Ohio uko wazi kwa bei anayoiweza, hatuoni vipi jina la chuo kingine linaweza kuitwa dharura.

Si kwamba milango yote ya nje imefungwa kwa maskini. Virginia na North Carolina zimeahidi kuziba pengo lote la mwanafunzi aliyethibitisha haja yake, hata kama ametoka jimbo jingine, mradi awe raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani. Ni lazima tu kuuliza ni kiasi gani cha msaada huo ni mkopo. Sheria ya Marekani inakitaka kila chuo kiweke katika tovuti yake kikokotoo cha bei halisi, na tangu mwaka 2011 vyuo vimelazimika kuwa nacho. Mzazi hutia kipato chake na idadi ya watoto, akaonyeshwa makadirio ya atakachobaki nacho kulipa baada ya msaada. Hakitaki ada. Mama wa binti alikifanya jioni moja kwa vyuo sita, mwanawe akimsomea maneno magumu, na asubuhi yake alipompigia dada yake simu hakulitaja tena jina la Texas.

Wazazi walioko hapa hapa Kenya wasidhani habari hii imewapita. Mtoto wa Mombasa anayeomba chuo cha jimbo lolote la Marekani ni mgeni mara mbili, na vyuo vya majimbo ni nadra kumpa msaada wa maana. Huko milango ya kutazamwa ni vyuo vichache vya binafsi, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ambavyo havitazami uwezo wa kulipa hata kwa mwanafunzi wa nchi nyingine, na humsaidia kwa kadiri ya haja yake akishakubaliwa. Havina mwenyeji wala mgeni wa jimbo. Ila vyembamba ni vyembamba: Harvard huwakubali takriban wanne katika mia. Mpango wa KenSAP umekuwa ukiwaandaa Wakenya wenye matokeo ya juu ya KCSE kwa njia hiyo tangu mwaka 2004, na ubalozi wa Marekani Nairobi una afisi ya EducationUSA inayotoa ushauri bila ya malipo. Anayetozwa fedha na mtu barabarani kwa ahadi ya "kuhakikishiwa nafasi" Marekani aelewe kwamba ameshaibiwa.

Nyanya mtu alizungumza mara moja tu siku ile. Hakuuliza kuhusu alama wala karo. Aliuliza: "Huko mbali, nani ataswali naye?" Ni suali zito kuliko yetu, na kwa msichana lina uzito wa ziada ambao kila jamaa huupima na mwalimu wake. Tulimjibu tunachokijua: Jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu ya Marekani, MSA, ilianzishwa mwaka 1963 katika chuo cha jimbo, kile cha Illinois, na vyuo vikubwa vingi leo vina tawi lake, pamoja na mahali pa Sala. Lakini kutoka Columbus hadi Ann Arbor, kilipo chuo cha Michigan, ni mwendo wa gari wa saa tatu, na hadi Los Angeles ni safari ya ndege ya kuvuka bara zima. Mtoto akiugua usiku, tofauti ya saa tatu na bara zima itajulikana.

Karatasi ya binti iliandikwa upya kabla ya Oktoba. Chuo cha jimbo lake kikawekwa cha kwanza, pamoja na vingine viwili vya Ohio. Virginia na North Carolina zikabaki, kwa ajili ya ahadi zao za msaada. Michigan aliomba ibakie, na wazazi wake wakamkubalia kwa sharti kwamba bila ya msaada hawatakwenda. Texas na UCLA zikaondolewa. Kwa mizani yetu tulimwambia mama yake hivi: katika vyuo vya nyumbani matumaini ni makubwa, katika vile vitatu vya nje yapo, lakini ni madogo, na asiyahesabu kama fedha iliyoko mkononi. Kuhusu nyumba tulisema kwamba kitu kilichopo hakiuzwi kwa ajili ya barua ambayo haijaandikwa, na kwamba hakuna mrithi anayelazimishwa kukopesha fungu lake, wala hawezi mtu kumwondoa mjane katika thumuni yake bila ya ridhaa yake.

Wiki mbili zilizopita chuo cha jimbo lake kilimkubali. Kimoja cha nje kimemwambia angoje. Barua nyingine hutoka kabla ya mwisho wa Machi, na kwa desturi mwanafunzi hutoa jibu lake kufikia tarehe 1 Mei. Mnunuzi aliambiwa asubiri mpaka Mei akakataa, na tumesikia amenunua nyumba nyingine. Nyanya bado yuko juu, na juzi alituma mtu kutuuliza saa ya Columbus ikoje, ili ajue ni wakati gani wa kumpigia mjukuu wake amwamshe kwa Sala ya Alfajiri.